Fulana na Vikombe vya Shughuli: Pesa Iko Wapi?

Dar es Salaam haikusanyiki bila sare. Mei Mosi wafanyakazi wanapita mbele ya mgeni rasmi na fulana zenye kaulimbiu ya mwaka. Machi 8 akina mama wa ofisi moja wanatoka na kitenge kimoja. Kwenye harusi ya Tegeta kamati ina rangi yake na ndugu wa bibi harusi wana yao. Msibani Mbagala wajukuu wanavaa fulana yenye picha ya babu, mwaka aliozaliwa na mwaka aliofariki. Kwa mji wa namna hii, wazo la kijana kununua mashine ya kuchapa fulana na vikombe, kisha kuweka meza kwenye sherehe za watu, linaonekana halihitaji kufikiriwa mara mbili. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani, kati yao 1,346,674 wa Temeke na 982,328 wa Kinondoni. Wateja wapo. Kinachotakiwa kuulizwa ni nani kati yao anayetoa hela, na anaitoa siku gani.

Kuvaa maneno ni jambo la zamani pwani hii. Kanga zenye maandishi zimekuwapo kwa zaidi ya karne moja, na duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lile la kanga za Mali ya Abdulla, lilifunguliwa 1887. Hapa kwetu kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China na kuanza kazi 1968, kilitoa kanga na vitenge miaka mingi. Ila kiwanda cha nguo hakiwashi mitambo kwa ajili ya kamati ya watu 30. Kinataka oda ya maelfu ya mita. Mafundi wa kuchapa kwa skrini wakashusha kiwango hadi makumi ya fulana, kwa sababu skrini moja ikishatengenezwa inatakiwa kulipia gharama zake. Mashine za joto za miaka ya karibuni zimekishusha hadi fulana moja, kikombe kimoja, jina la mtu mmoja. Hapo ndipo mlango ulipofunguka kwa kijana wa Chamazi asiye na kiwanda wala karakana. Kwa bahati mbaya ulifunguka kwa kila mtu siku hiyohiyo, ndiyo maana bei inashuka kila mwaka.

Anayeanza hukosea kwenye teknolojia kabla ya kukosea kwenye soko, kwa hiyo tuanzie hapo. Njia ya sablimesheni, ambayo ndiyo ya vikombe, inatumia wino maalumu unaochapwa kwenye karatasi, kisha karatasi inabanwa kwa joto la nyuzi 180 hadi 200. Wino unageuka mvuke na kuingia ndani ya polista. Ukipitisha kidole juu ya picha husikii kitu, na haibanduki hata fulana ikifuliwa mara ngapi. Masharti yake ni magumu: kitambaa kiwe polista, na kiwe cheupe au cha rangi nyepesi sana. Pamba haishiki. Fulana nyeusi haishiki. Kikombe cha kawaida cha dukani nacho hakishiki, mpaka kiwe kile kilichopakwa koti la kupokea wino. Tanzania inalima pamba na kuuza sehemu kubwa nje ikiwa ghafi, halafu mchapaji wa Mbagala anasubiri kontena la fulana za polista kutoka China. Mteja akikuletea fulana yake ya pamba aliyoipenda na kusema "nichapie hii hapa," jibu la mwenye sablimesheni ni hapana, na jibu hilo ukilitoa mara nyingi mezani watu wanaacha kuuliza.

Njia ya DTF inajibu tatizo hilo. Picha inachapwa kwenye filamu kwa wino wenye rangi nyeupe chini yake, inamwagiwa unga wa gundi, unga unayeyushwa, kisha filamu inabanwa kwenye nguo ya aina yoyote na rangi yoyote. Kubana kwenyewe ni sekunde 10 hadi 15 tu kwa nyuzi 150 au 160. Ugumu uko kwenye printa. Wino mweupe unatuama kama tui lililoachwa usiku kucha, na mashine isiyofanya kazi kila siku inaziba vichwa, na kichwa cha printa ni pesa. Kwa sababu hiyo simshauri anayeanza kununua printa ya DTF. Wenye mashine kubwa mjini wanauza filamu iliyokwisha kuchapwa, kwa mita. Unatuma dizaini, unalipa, unachukua filamu yako, unabana nyumbani. Skrini nayo haijafa. Oda ikiwa fulana 300 za rangi moja zenye nembo moja, hakuna kinachoishinda kwa bei, na mwenye akili anamtafuta fundi wa skrini wa kumpelekea kazi na kubaki na chake.

Kwa hiyo kifaa cha lazima ni kimoja: mashine bapa ya kubana joto, ile wengi wanayoiita hitipresi. Yenye bamba la sentimita 38 kwa 38 inakula umeme kiasi cha wati 1,400 na kuendelea, yaani zaidi ya ampea 6. Chomeka hiyo kwenye ekstensheni ya ukumbi ambayo tayari ina spika za DJ na taa za mpambaji, uone MC atakavyokuita jina lako kwenye kipaza sauti. Jenereta ndogo za wati 900 na ushei, zile za kuwashia duka, haziibebi. Mashine ya kikombe ni nyepesi zaidi, wati 300 hadi 400 hivi, lakini kikombe kimoja kinakaa humo kama dakika tatu, bado hujahesabu kukifunga karatasi, kukipoza na kukifuta.

Halafu kuna hewa ya Dar. Masika karatasi ya sablimesheni inavuta unyevu, na unyevu huo ukikutana na bamba la moto unatoka kama mvuke na kuchafua kingo za picha. Fulana ya pamba nayo inakuwa na unyevu usiouona kwa macho. Fundi anayejua kazi anaibana tupu kwa sekunde chache kwanza, anaiacha ipumue, ndipo anaweka picha. Printa ya wino wa tangi isisafirishwe kwenye bajaji ikiwa imejaa. Barabara za ndani za Mbagala na Bunju zitamwaga wino kabla hujafika, na njano ikishachanganyika na bluu utachapa bwana harusi wa kijani. Wenye uzoefu wanaiacha printa nyumbani, wanachapa karatasi mapema, na kwenye shughuli wanakwenda na hitipresi peke yake.

Sasa meza yenyewe. Bei hubadilika kila kontena likiingia, kwa hiyo tarakimu zinazofuata ni za mfano, msomaji aweke zake. Tuseme kikombe unakiuza 12,000, na kikombe kitupu, wino, karatasi na boksi vinakugharimu 5,500. Kinabaki 6,500. Kwa mashine moja, ukihesabu mteja anayechagua picha kwenye simu na kubadili mawazo, ukimaliza vikombe vinane kwa saa umejitahidi. Shughuli ya saa nne inakupa 32. Hiyo ni 208,000, na mtu akiishia hapo anaona ametoka kimaisha. Toa wasaidizi wawili wa 20,000 kila mmoja, kirikuu cha kubeba vifaa kwenda na kurudi 30,000, mwenye ukumbi 50,000, na vikombe vitatu vilivyoharibika 16,500. Jumla 136,500. Umebaki na 71,500 kwa siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa. Lakini ukiuza 15, umepata 97,500 na umekula hasara ya 39,000. Kikombe cha 21 ndicho kinachorudisha gharama, na hapo bado hujajilipa.

Kwa nini 15 na isiwe 32? Fikiria mgeni wa harusi ya Kitanzania alivyo anapoingia ukumbini. Ameshatoa mchango, na ameshatoa kwa kukumbushwa. Ameshonesha nguo, amelipa nauli au Bolt, ana bahasha au zawadi mkononi. Ndani chakula ni cha bure, kinywaji ni cha bure, na kila kitu mezani amekilipia miezi miwili iliyopita. Kumwambia mtu huyo atoe 12,000 nyingine anunue kikombe chenye picha ya maharusi ni kumwomba mchango wa pili. Atakitazama, atakisifu, atakirudisha. Wanaotoa pesa kwenye shughuli za kwetu ni kamati, na kamati huzitoa kabla ya siku yenyewe.

Linganisha na oda. Kamati ya sendoff Kijichi inataka fulana 60 za ndugu na marafiki. Kwa mfano uleule wa tarakimu, unawauzia 13,000 kila moja, zinakugharimu 8,500, unabaki na 270,000. Kazi unaifanya sebuleni kwako kwa siku mbili, umeme wa LUKU yako, hakuna kirikuu, hakuna mwenye ukumbi. Na advansi imelipwa, maana yake fulana tupu zimenunuliwa kwa hela ya mteja. Kwa mtu wa mtaji mdogo hilo la mwisho lina uzito kuliko faida yenyewe. Meza inakutaka ununue vikombe kwanza ukisali vitoke. Oda inakununulia bidhaa.

Hata hivyo ziko sehemu ambazo meza inalipa, na zinatambulika kwa alama moja: kinachochapwa hakikuwepo jana. Picha ya maharusi ipo tangu walipochapisha kadi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuichapa ukumbini. Muda aliomaliza mkimbiaji haupo mpaka avuke mstari. Mji huu sasa una mbio nyingi za hisani, zikiwemo za CRDB zinazokimbiwa Oysterbay, na washiriki wake ni watu wenye simu nzuri na hamu ya kuonekana. Jina, kilomita na muda wake juu ya kikombe, akiwa bado na jasho, atalipa. Fulana ya mbio zenyewe usiiwazie, hiyo ina mdhamini na mzabuni wake. Mahafali nayo yako hivyo: mtoto wa chekechea wa Mwananyamala aliyevaa joho kwa mara ya kwanza, picha imepigwa saa nne asubuhi, mama yuko palepale na bibi amekuja kutoka Kibiti. Hapa mpinzani wako ni mpiga picha mwenye kiprinta cha mkononi, na ni afadhali umfanye mshirika: yeye apige, wewe uchape, mgawane. Maonesho ya Sabasaba, barabara ya Kilwa, ni jamii ya tatu, ingawa hayana alama hiyo, kwa sababu watu huja wakiwa wamepanga kutumia hela na kuzurura siku nzima. Gharama ya banda pale si ya anayeanza, lakini vijana wawili watatu wanaweza kuchangia kona.

Temeke ina kishawishi chake cha pekee, nacho ni Uwanja wa Benjamin Mkapa. Watu 60,000 wanaingia pale Simba Day, iliyoanza 2009, na Wiki ya Mwananchi ya Yanga, iliyoanza 2019, na kila mmoja wao angependa kikombe chenye simba au chenye mwenge wa Jangwani. Usichape. Nembo hizo zina wenyewe. Simba iliingia mkataba wa jezi na Vunjabei mwaka 2021, Yanga imefanya kazi na GSM, na waliolipia haki hizo hawana sababu ya kukuchekea. Tume ya Ushindani inakamata bidhaa bandia kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na picha ya msanii ina ulinzi wake kwenye Sheria ya Hakimiliki ya 1999. Najua watu wanachapa. Najua pia kwamba mwenye hitipresi moja akinyang'anywa hana nyingine. Chapa jina la tawi la mashabiki, rangi, utani wa mtaa, mwaka. Utani haujasajiliwa na mtu.

Sheria nyingine ni nyepesi kuliko watu wanavyoogopa. TIN inapatikana TRA bila malipo, na kwa utaratibu uliowekwa 2019 mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Kiwango hicho ndicho kilichotumika pia kwenye vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000 vilivyotolewa kuanzia Desemba 2018. Kuweka meza barabarani ni habari nyingine. Oktoba 2021 mkoa uliwaondoa machinga kando ya barabara na kuwapeleka maeneo maalumu, kwa hiyo mpango wa kupanga vikombe kituoni Rangi Tatu usiuandike kwenye daftari la biashara. Kuna na hili ambalo wachapaji wengi hawalifikirii: picha za watu zinazolundikana kwenye simu yako ni taarifa zao binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Kumposti mtoto wa mteja kama tangazo lako bila kuuliza ni kosa la adabu kwanza, kisha linaweza kuwa la sheria.

Kazi ya oda ina maumivu yake, na hayako kwenye mashine. Picha zinakuja kwa WhatsApp, na WhatsApp inazibana. Eneo la kuchapa kwenye kikombe ni kama sentimita 20 kwa 9, na ili litoke safi linataka picha ya nukta 2,400 hivi kwa 1,060. Iliyopitia magrupu matatu mara nyingi haifiki hapo, na kwenye kikombe uso wa marehemu unakuwa ukungu. Mwambie mteja aitume kama dokumenti, au umfuate uichukue. Halafu saizi. Katibu wa kamati atakuandikia "60, za kawaida." Fulana nyingi za China ni ndogo kwa namba, XL yake inakaa kama L, na shangazi wa Kitanzania hakubali kubanwa kwenye picha ya harusi. Dai orodha ya majina na saizi, peleka fulana moja moja ya kila saizi wajaribu, ndipo ununue. Na majina: Mwanahawa, Mwanahawaa, Rukia, Ruqayya. Umtumie katibu dizaini, ajibu "sawa" kwa maandishi, kabla ya kuwasha mashine. Kosa la herufi moja kwenye fulana ya msiba halina punguzo la bei linaloweza kulifidia.

Oda za misiba zinastahili neno zaidi, kwa sababu hazizungumzwi. Ndizo zinazokuja usiku na kutakiwa asubuhi, na hazibishani sana bei. Waislamu huzika haraka, kwa hiyo kwa familia nyingi za Temeke fulana, zikiwepo, ni za arobaini au hitima, na hapo kuna nafasi ya kufanya kazi kwa utulivu. Kwenye misiba ya Kikristo mwili unaposubiri ndugu wa mikoani, una siku mbili tatu. Mchapaji anayepandisha bei usiku huo atalipwa, na mtaa mzima utajua. Biashara hii inaishi kwa magrupu ya WhatsApp ya wanandugu, na huko habari mbaya haihitaji bando kubwa.

Kalenda nayo inabana. Mwaka 2025 na 2026 Kwaresima na Ramadhani zilianza wiki moja, kwa hiyo kumbi za Waislamu na za Wakatoliki zililala pamoja. Atakayeanza biashara Februari kwa mkopo wa marejesho ya kila wiki atakuta wiki sita za ukimya. Kinachookoa kipindi hicho ni Machi 8, na baada ya hapo oda za Mei Mosi, ambazo ofisi huzikumbuka wiki ya mwisho ya Aprili. Mahafali ya kidato cha nne yanajaza Septemba na Oktoba, Desemba ni ya harusi. Uchaguzi unakuja kila miaka mitano na fulana nyingi mno, lakini mgombea ni mteja wa kulipa yote kabla. Akishinda ana shughuli, akishindwa hapokei simu.

Mtaji unapatikana kwa VICOBA, kwa ndugu, au kwa mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Hiyo ya halmashauri ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazirejeshwi, ikarudi 2024. Kikundi cha watu watano wenye hitipresi moja huwa kinagombana, kwa hiyo kama mtakopa kwa kikundi gawaneni kazi kwa maandishi: dizaini, kubana, kutafuta oda, daftari.

Kwa bei, Temeke na Kinondoni haziwezi kuishinda Kariakoo, maana bidhaa zote zinatoka hukohuko na wao hawalipi nauli ya kuzifuata. Unachoweza kuuza wewe ni ukaribu. Kamati ya Bunju haitaki kupoteza siku kwenye foleni ya makutano ya Morocco kufuata fulana 40, na ikigundua Ijumaa jioni kwamba jina la baba mkwe limekosewa, wa Kariakoo ameshafunga. Wewe unarekebisha usiku na unapeleka kwa bodaboda Jumamosi saa mbili. Huduma hiyo ina bei yake na watu wanailipa.

Basi wewe unayetaka kuanza, kabla hujatuma pesa ya mashine kwa mtu yeyote, nenda kwa makatibu wa kamati unaowajua, shule ya mtaani kwako na kwaya au madrasa iliyo karibu, uombe oda ukiwa na fulana moja ya mfano uliyochapisha kwa mwenzako. Ukipata oda mbili zenye advansi, nunua hitipresi bapa na filamu kwa mita. Mashine ya vikombe iache mpaka msimu wa mahafali. Usipopata oda hata moja kwa mwezi mzima, hela yako bado unayo.